Siku Nilipomzungusha Bibi Yako Mbele ya Mjomba Wake

Mke wangu Tatu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mchafukoge tu wazima, ila bibi yako goti linamsumbua. Unauliza disko la enzi zetu lilichezwaje. Hapo umemuuliza mwenyewe! Darasa la nne lilinishinda, lakini miguu ilikuwa na digrii.

Nyie mnacheza kila mtu peke yake, kama mliovamiwa na siafu. Sisi tulishikana mikono: unamvuta, unamzungusha, unampokea. Jumapili moja alasiri, ukumbini Kariakoo, nikamshika bibi yako kwa mara ya kwanza. Nimepiga suruali ya bugaluu, pana chini, na viatu vya raizoni, soli nene. "Usiogope," nikamwambia, "umeshikwa na fundi."

Nikamzungusha. Mara namwona mlangoni mjomba wake, muuza nyama wa sokoni, Mnyamwezi mwenye kifua kama kabati. Wenzangu niliokuja nao wakarukia nje dirishani. Nami nilitaka kukimbia, nakuapia. Lakini binti alikuwa amelalia mkono wangu, uzito wake wote, nikiachia, anaanguka.

Mjomba akanijia mpaka puani. "We Mzaramo, unatetemeka nini?"

"Nacheza, mtani wangu."

"Wenzako mbona wamekimbia?"

"Wao hawajashika mtu."

Akanikazia macho. "Basi mpokee vizuri. Wimbo ukiisha, twende kwa baba yako."

Nilicheza nikiomba usiishe. Ulipoisha tukatoka watatu. Mkono wa bibi yako ulikuwa bado mkononi mwangu, ukitetemeka kuliko wangu.

Mumeo wa zamani,
Babu Seif