Nani Atatembea Nyuma ya Mashine

Mjukuu wangu Wilondja,

Pokea salamu zetu za Lweba. Nyanya yako anakohoa kidogo, lakini kwaya hajaiacha. Dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza uchague mashine gani ya kukatia majani kwa uzi wa plastiki unaozunguka: ile ya kubeba begani, au ile ya magurudumu ambayo mtu huisukuma akitembea nyuma yake. Chagua ya magurudumu, tena yawe makubwa. Kiwanja chetu kina mawe, na mgongo wangu haubebi kitu tena.

Lakini sikiliza. Nilipokuwa kijana, tulirudi kutoka ng'ambo ya ziwa baada ya miaka mingi, tukakuta kiwanja cha baba yangu, kule Kazimia, kimefyekwa safi. Jirani alikuwa amesimama katikati na panga lake.

"Ndugu, hapa ni kwangu," baba akamwambia.

Jirani akacheka. "Kwako? Majani ilikuwa inaota, we ulikuwa wapi?"

Wazee wa kijiji walipoketi kuamua, waliuliza neno moja tu: "Miaka yote hii, nani alikuwa anafyeka hapa?" Watu wote wakamwonyesha jirani. Baba alikufa akiwa mpangaji.

Kwa hiyo usiitume mashine peke yake. Njoo nayo, watu wakuone ukiisukuma. Jirani yetu wa hapa amekwisha kusikia habari zake. Jana alikuja, mpole kabisa, akaniambia, "Muzee, usisumbuke. Ikifika, mi nitaisukuma."

Babu yako