Kwenye tamthilia za Kikorea mimi humpenda yule wa pili

Dongobesh, Jumapili jioni, mwezi wa saba. Ukungu tangu asubuhi.

Msomaji wangu, hujambo? Umeshindaje huko uliko, na nyumba nzima ni wazima? Kifua hakikusumbui na baridi hii? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Magoti yanalalamika kidogo nikipiga magoti kanisani, lakini yanalalamika huku yanapigwa, kwa hiyo sina neno.

Leo ukungu umeshuka mpaka barabarani. Nilisimama mlangoni kwangu nikiangalia watu wanaotoka misa ya kwanza. Walikuwa wanatokea mmoja mmoja kwenye weupe ule, polepole, kama kwenye tamthilia pale mtu anapotembea peke yake na wimbo unaanza. Nikasubiri huyu wa mbele afike nimwone uso. Alipofika nikaona ni jirani yangu Mama Safari na kuku wake mkononi, na wimbo ukakatika.

Nitakueleza kwa nini moyo wangu leo uko hivi. Lakini niruhusu nianzie mbali, maana nikianzia karibu nitaona aibu.

Nilipokuwa msichana kule Tlawi tulikuwa na redio moja ya baba, nayo ilizimwa taarifa ya habari ikiisha ili kutunza betri. Habari za mapenzi hatukuzisikia redioni wala mahali pengine. Baadaye nchi ikafunguliwa, vitu vikaanza kuingia: mitumba, kaseti, sabuni za kila rangi. Halafu tukapewa mkoa wetu wa Manyara, maofisi yakaja na watu wake kutoka pande zote, na umeme ukafika hapa Dongobesh. Siku moja binti yangu Neema akaniletea deki na mfuko wa CD za Kikorea. Baba yake alikuwa ameshatutangulia mbele za haki. Akasema, mama, uwe unashona huku unaangalia, usikae na ukimya.

Mimi ni fundi cherehani, wengi wenu mnajua. Mguu uko kwenye kanyagio, jicho moja kwenye sindano, jingine Korea.

CD zile za mwanzo zilikuwa na mtu mmoja anayetafsiri kila kitu kwa Kiswahili. Sauti ile ile nzito ni ya kijana anayependa, ni ya msichana anayependwa, ni ya bibi yao mgonjwa, na mara nyingine anaingiza maneno yake mwenyewe: "Hapa jamaa amekwisha." Nilimzoea mpaka sasa hizi za kwenye king'amuzi, ambako kila mtu ana sauti yake, naona kama kuna mtu wa nyumbani amesafiri.

Nazipenda kwa sababu wana adabu. Wao huinama, sisi tunasema shikamoo, lakini ni kitu kimoja. Mtoto akipewa kitu na mkubwa anapokea kwa mikono miwili, kama mama yangu alivyotufundisha. Unaweza kuangalia na padri ameketi pembeni. Wanachukua sehemu kumi na zaidi kabla hawajashikana mkono, na wakishikana tu, sisi huku tunaacha kumenya viazi.

Nazilaumu pia. Hakuna anayelima kule, lakini kila baada ya dakika wanakula. Inaonekana nchi nzima ina mwavuli mmoja, maana kila mvua ikinyesha lazima wawili wabanane chini yake. Akina mama wakwe wanatoa bahasha za kumfukuza binti wa watu. Mtu akigongwa na gari anasahau mchumba wake lakini hasahau kuchana nywele. Na hawasali. Mgonjwa yuko mahututi, ndugu wamejipanga benchi zima, hakuna hata mmoja anayeanza Baba Yetu. Huwa naisali mimi kwa niaba yao, huku nashona.

Lakini la kwanza moyoni mwangu ni yule mwanaume wa pili.

Kila tamthilia inaye. Steringi, yule wa kwanza, ni tajiri, ana kiburi, anamfokea msichana kwanza halafu ndiyo anampenda. Yule wa pili ni mpole. Ndiye anayeleta dawa msichana akiumwa. Ndiye anayesikiliza. Anasimama mbali na koti lake refu, theluji inamwangukia mabegani, anasubiri aitwe, na hakuna anayemwita. Mwisho anainama kidogo, anageuka, anaondoka. Mimi hulia hapo. Mama Safari hunicheka. Anasema, "Wewe unalia kwa ajili ya aliyeshindwa, mwenzio aliyeshinda yuko harusini anakula keki."

Sasa nasogea karibu.

Mwaka juzi aliletwa hapa afisa mifugo kutoka Masasi, huko kusini kwenye joto. Watu wote wanamwita Bwana Mifugo. Ni mjane mwenzangu, anaimba besi kwaya ya parokia. Baridi yetu ilimshika kifua wiki ya kwanza, akaenda mnadani akajinunulia koti la mtumba, refu, linapita magoti. Akaniletea nilipunguze kwa sababu pindo linazoa matope kwenye mazizi ya watu.

Nililishika lile koti. Jeusi, zito, bitana nzima. Nikamwambia, "Hili halikatwi, Bwana Mifugo. Nitakupandishia pindo kidogo tu." Akauliza kwa nini. Nikasema kitambaa kitaharibika. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimeshamwona nalo kwenye ukungu.

Alipokuja kulichukua alitukuta mimi na Mama Safari tunaangalia tamthilia, akakaa. Kesho yake akapita tena kuulizia uzi. Kesho kutwa akaulizia sindano ya kushonea gunia. Baadaye hakuulizia kitu, alikuja tu mchana kazi zikipungua, anakaa kwenye kiti cha wateja, koti magotini.

Hapo ndipo niliposikia raha ya kuangalia na mtu. Siku moja steringi alikuwa anamtazama msichana muda mrefu bila kusema. Mama Safari akachoka.

"Huyu naye, anaangalia tu kama ng'ombe kwenye josho. Si aseme."

"Ng'ombe kwenye josho haangalii, Mama Safari," Bwana Mifugo akamjibu. "Ng'ombe kwenye josho anapiga kelele. Anayeangalia kimya hivi ni yule anayejua akifika ng'ambo atapata majani."

Mama Safari akanigeukia mimi, akanikonyeza. Mimi nikakanyaga cherehani kwa nguvu, nikashona mkono wa gauni la mteja ukafungana. Nilikuja kuufumua wote.

Alikuwa pia anasoma blogu hii. Neema ndiye aliyenifungulia kwenye simu, na wasomaji wangu ni wa kuhesabika, nilidhani nawajua wote. Akaniambia, "Nasoma shajara yako, Mama Neema. Usiandike mahindi tu."

Basi, baada ya Pasaka alituma washenga kwa kaka yangu Daudi, kule Tlawi. Kwa kuwa baba hayupo, Daudi ndiye mkubwa wetu, na ndugu za marehemu mume wangu walishasema wao hawana kipingamizi. Walikuja wawili, Mwalimu Joseph na nesi wa zahanati, wote watumishi kutoka mikoa ya mbali, wamevaa vizuri. Nilikuwa jikoni na wifi yangu. Nilisikia wanavyosema maneno yao kwa unyenyekevu. Nilisikia na moyo wangu, maana ulikuwa unapiga kuliko wao walivyokuwa wanaongea.

Daudi aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza habari za mvua.

Kwenye ukoo wetu mgeni wa jambo hilo hajibiwi siku ya kwanza. Kumjibu papo hapo ni kama kumsukuma dada yako nje na mzigo wake. Anasikilizwa, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mvua na ng'ombe. Kama hatakiwi, anapewa kwaheri akiwa na koo kavu. Kama anatakiwa, analetewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Anakunywa, anaaga, na baada ya siku chache anarudi, na hapo ndipo watu wanaongea.

Maziwa niliyatikisa mimi mwenyewe. Wifi alinipokonya kibuyu akisema nitakivunja.

Walikunywa wakamaliza. Nikarudi Dongobesh nikiwa kama sikanyagi chini. Na hapa, msomaji wangu, ndipo tamthilia zilipoingia kichwani. Siku zile alipoacha kupita dukani niliona ni sawa, ni heshima, mtu akishatuma wazee hakai tena na mwanamke kiti kwa kiti. Nilikuwa naziishi zile sehemu za katikati, tamu kuliko zote, wakati kila mtu anajua na hakuna anayesema. Nilishona nikiimba. Nilimpita kanisani nikaangalia chini, kama wanavyofanya wao. Nilidhani anaona.

Mahindi yakakauka shambani. Washenga hawakurudi. Mwezi uliopita nikasikia amehamia Katesh. Mama Safari alimwona akipanda basi alfajiri, na lile koti, kwenye ukungu. Alinieleza vizuri mno, nikamwomba anyamaze.

Nilijisemea, basi, amebadili mawazo, ni haki yake. Nikalipeleka kwenye rozari.

Leo sasa. Baada ya misa ya pili Mwalimu Joseph alinisogelea pale nje, ameshika kofia.

"Shikamoo, Mama Neema. Samahani, jambo lile lilipita, lakini niwashukuru. Mlitukataa kwa heshima sana."

"Marahaba. Nani amewakataa, Mwalimu?"

"Si ni kaka yako. Tukaeleza yote, akatuuliza mvua. Tukaeleza tena kwa kuzunguka, akatuambia ng'ombe wake ana ndama wawili. Tukapewa maziwa ili tuondoke."

"Mwalimu. Mlipewa maziwa."

"Tulipewa, mama. Mazuri sana."

"Mkayanywa."

"Tukayamaliza, mimi nikaongezewa. Kuna nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza, kofia ikawa inazunguka mikononi. Akasema kwao mtu akikubaliwa anaambiwa amekubaliwa. Kisha akasema kwamba Bwana Mifugo, waliporudi na habari ile, hakulalamika hata neno. Alisema tu, "Sawa, tusimsumbue." Na kwamba sasa anaandika kuomba kurudishwa Masasi, kwa kuwa kifua kimegoma na huku hana kinachomshika.

Hana kinachomshika.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa naona njia kidogo tu mbele ya miguu. Miaka yote hii namlilia yule wa pili, yule anayeinama na kuondoka bila kusumbua. Wangu alikuwa na mwili na jina na besi ya kwaya, na mimi nikaangalia chini.

Nilimpigia Daudi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Nani alimfukuza? Mwambie arudi, ndama wamekua." Kisha akasema kwa sauti nyingine kwamba kama nataka kusema mwenyewe, yeye kama mkubwa wangu hana kinyongo. Nilimwambia Neema pia. Yeye aliandika tu, "Mama, hatimaye."

Kwenye tamthilia mwanamke angekimbia mpaka stendi, nywele zikipeperuka. Mimi nina magoti haya, na basi liliondoka mwezi uliopita. Namba yake ninayo. Mchana nimeishika simu nikaiweka, nikaishika tena. Najijua. Akipokea tu nitamuuliza habari za mvua, damu ya Daudi ni damu yangu.

Nimesali. Nimeona siombi kitu kibaya. Mwavuli mmoja na mtu mzima mwenzangu, na sala ya jioni ya watu wawili.

Kwa hiyo naandika hapa, mahali uliponiambia unasoma.

Bwana Mifugo, yale maziwa niliyatikisa mimi, na yalikuwa na maana ya njoo tena. Hakuna aliyekukataa. Tuma wazee wako kwa Daudi mara ya pili, na safari hii wachanganye na mmoja wa huku kwetu, awaeleze njiani. Ile barua ya Masasi, kama bado iko mezani kwako, iache hapo hapo. Na koti usimpe fundi mwingine, asije akalikata.

Ninyi wengine mnaosoma, mniombee, na msimwambie Mama Safari kabla sijamwambia mimi.

Ukungu umeanza kuinuka. Siku isiyo na ukungu, kutoka hapa mlangoni huonekana Mlima Hanang kwa mbali sana, na chini yake ndiko Katesh. Bado sijauona, ila najua uliko.

Kifua chako kinaendeleaje? Nijibu mapema.