Jarida Limepatikana, Ta Kamugisha

Ta Kamugisha, mwalimu wangu,

Limepatikana. Nimelikuta Bukoba mjini, kwa mama mmoja anayeuza vitabu vya mtumba karibu na soko, limebanwa kati ya jarida la mapishi na kitabu cha hesabu cha darasa la sita. Jarida la sanaa ya siku hizi, Ta, ya watu walio hai. Nilikalia ndoo yake nikasoma mpaka akaniuliza kama nanunua au nahamia.

Unakumbuka tulivyohangaika kulitafuta. Kila aliyesafiri kwenda Dar au Kampala ulimwagiza. Mpwa wako akaleta la magari, akajitetea kwamba picha zake zinang'aa. Mwingine akaleta la keki za harusi. Ulikuwa ukifunua kurasa polepole pale barazani kwako Nshamba, halafu unauliza swali lako lile lile: "Wametazama, au wamepita tu?" Walikuwa wamepita tu. Kurasa zikaishia kufutia brashi zetu.

Hawa wametazama. Kuna kazi ya mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mpaka, ameifanya juu ya lubugo, nguo ya gome la mti kama tunayoponda sisi. Mwandishi hakuiita mapambo ya watalii. Ametumia ukurasa mzima kueleza kiraka kimoja, na kwa nini mama huyo alikishona kwa uzi mwekundu pale gome lilipotoboka. Nikalia mbele ya watu, na sioni aibu.

Mwishoni wanaomba wasanii wawatumie picha za kazi zao. Hapo ndipo nilipolifunga jarida.

Maana kazi yako kubwa, ile ya wanawake wa Kemondo wakingoja meli, unayo wewe. Ulipofariki nilikuwa Mwanza, nikafika jeneza limeshafungwa. Dada yako, Ma Justa, alikumbuka ulivyotaka uzikwe umevikwa lubugo kama wazee wa zamani. Akaingia chumba chetu cha kazi, akakuta lubugo kubwa limekunjwa mezani, upande uliouchora ukiwa ndani. Hakulikunjua. Alikujua ni mtu wa kujiandalia mambo, akaona umejiwekea mwenyewe. Alinisimulia hayo huku akinipa akamwani, ile kahawa ya kutafuna tunayompa kila anayebisha hodi. "Amelala vizuri," akasema. Nikatafuna. Mpaka leo hajui kwamba alikuvika picha yako.

Na hatukuwahi kuipiga picha. Ulisema tungoje umalize kona ya maji.

Nina hasira, Ta. Si kwa Ma Justa, yeye alikusitiri kwa mapenzi. Nina hasira na udongo, na wewe pia kidogo, kwa kushindwa kungoja. Watu hapa walikujua kwa vibao vya saluni na maduka tu. Mimi peke yangu ndiye ninayejua ulichokuwa unakifanya mle ndani, na mimi nitaelezaje uso wa yule mama mwenye ndoo katika picha yako, aliyeacha kuangalia meli?

Mvua zilipoanza nilibandua gome la mti wako ulio kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani kwako, jirani na kaburi lako. Nikauvika shina majani ya migomba ulivyonifundisha, ili uote gome jingine. Lubugo nilimaliza kulianika jana. Sitarudia picha yako, siiwezi, na ungenikasirikia. Nitachora kibanja hiki na migomba yake, na chini ya udongo nitachora nguo iliyokunjwa, rangi ikiwa ndani. Hiyo ndiyo nitakayowatumia.

Wakiichapa nitakuja kukusomea walichosema, neno kwa neno. Wasipoichapa nitakuja hivyo hivyo, na akamwani mkononi, nikae.

Kwaheri, Ta. Ma Justa alisema kweli. Umelala vizuri.

Mwanafunzi wako,
Koku