Kitabu Ulichosema Utakitangaza Wewe

Dada Mwajuma,

Kitabu kinatoka. Nimeliona jalada, jekundu kama ulivyotaka, na jina langu limeandikwa kubwa hata nikaona haya. Kitakuwa tayari baada ya Ramadhani, Mungu akipenda. Badala ya kupiga vigelegele nilikaa kizingitini nikalia, mpaka Fundi Idi wa jirani akaja kuuliza kama kuna msiba mwingine.

Unakumbuka tulivyogawana kazi? "Wewe andika, kelele niachie mimi." Tulipatana vizuri, maana wewe ungemuuzia mwavuli hata mtu aliye ndani ya nyumba yake. Mimi ni wa kujificha nyuma ya pazia. Sasa umeondoka, na mchapishaji amenambia wazi: wasipopatikana watu wa kukingoja kitabu hiki, hatachapa kingine changu. Riwaya ya Kiswahili hapa Kigali, anasema, nani ataisoma?

Basi nimeanza kuzunguka na jalada na kurasa za mwanzo. Mtaani kwetu, Rwezamenyo, hakuna shida, watu wananipokea kwa heshima yako. Niboye ndiko nilikokiona cha mtema kuni. Mama mmoja aliyekulia Bukavu, Kiswahili kimemjaa mdomoni, alitazama jalada, akaona jina Zainabu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Asante, mama, lakini miye nasali kwa mapadri." Alidhani nimemletea kitabu cha dini. Unaujua mji wetu, Kiswahili kikiandikwa basi ni cha msikitini. Nilitaka kumwambia kwamba sura ya kwanza ni ya mwanamume anayeikimbia harusi yake mwenyewe, lakini nilikusanya kurasa zangu nikaondoka. Nilirudi nyumbani nimekukasirikia. Kweli, dada, nilikukasirikia kwa kufa.

Juma lililopita nilikwenda Kabuga, siku ya soko. Nilisimama karibu na bibi mmoja anayeuza umutobe, maji yale matamu ya ndizi mbivu, nikaanza hotuba yangu: riwaya nzuri, inachekesha, ina mafunzo. Watu wanapita tu. Yule bibi alinisikiliza kwa huruma, kisha akasema, "Weye iko natuambia ni tamu, na hatujaona ukionja. Kwetu mwenye kinywaji iko naonja mbele." Akachota kikombe, akapiga funda moja nikimwona, ndipo akanipa.

Desturi hiyo nimeiona maisha yangu yote, kila harusi na kila ugeni. Mwenye nyumba anaonja kwanza ili mgeni anywe bila wasiwasi. Sikuwahi kufikiri kwamba inamhusu mwandishi.

Nikanywa. Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza nikausoma kwa sauti. Nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, usicheke. Nilipofika pale bwana harusi anapopita dirishani na viatu mkononi, mwanamke aliyeuza maharage kando yetu alicheka mpaka akashika kiuno, akawaita wenzake. Wakasogea. Redio inasema wakubwa wanazungumza habari za amani, na njiani bado tunasimamishwa na askari na kupekuliwa mizigo, lakini watu wana hamu ya kucheka, dada. Niliwaona. Nikanyamaza palepale bwana harusi anapogongana na mkwewe gizani. "Heh, na wakamukamata?" bibi akauliza. Nikamwambia atajua kitabu kikitoka. Walinilaumu wote kwa pamoja, nami nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Kesho narudi Niboye. Sitampa yule mama jalada alitazame. Nitamsomea hapohapo langoni kwake, akinifukuza anifukuze akiwa ameshasikia.

Siku ya kukitoa kitabu tutakaa barazani kwetu, baada ya alasiri. Nilipanga kukuwekea kiti kitupu mbele kabisa. Nimeghairi. Ungeona mgeni amesimama na kiti kiko wazi, ungenisema mbele za watu. Kwa hiyo nakuahidi hivi: nitasoma mwenyewe, kwa sauti ya kufika barabarani, na kiti chako atakikalia mtu aliyetoka Kabuga.

Lala salama, dada yangu. Mungu akupanulie mahali ulipo.

Mdogo wako,
Zainabu