Sahihi ya Marehemu Baba

Mkwajuni, 3 Machi 2012

Mwanangu Rachide,
Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila goti langu tu. Vipi joto la Maputo?

Jana alikuja mnunuzi wa pweza, ndevu nyeupe, anachechemea. Pweza hakununua. Aliuliza gesi hii iliyogunduliwa baharini tunaionaje, na nani anakataa kuhama kuipisha. Nilimpa maji. Alipomaliza alikifudikiza kikombe, kama unavyofanya wewe tangu ulipoanza kutembea. Sikukuita jina, watu walikuwepo.

Mguu unakuuma kweli, au nao ni wa kazi?
Mamako

Pemba, 20 Machi

Shikamoo mama,
Mguu mzima. Siko Maputo tena, kazi imenileta huku Pemba. Miaka kumi na tisa ya upelelezi wa serikali nimekuwa padri, fundi redio, hata mganga, na hakuna aliyenitambua. Nilipotoka kwako nililia garini. Usimwambie mtu.
Mwanao

Mkwajuni, 11 Juni

Mwanangu,
Salamu nyingi. Umepona mafua?

Wakubwa wamekuja na dokumento inayosema tumekubali kuyaacha mashamba. Ina sahihi arobaini. Mzee Amisse anaapa hakutia yake. Na ya babako imo, na ule mkia mrefu wa mwisho. Tulimzika miaka sita iliyopita! Kabla sijakasirika, nilitaka kuibusu.

Nani mwingine anaujua mkono wa babako?
Mamako

Mkwajuni, 2 Agosti

Rachide,
Hujajibu. Sijamwambia mtu. Unakula?
Mama

Pemba, 9 Septemba

Shikamoo mama,
Ni mimi. Niliagizwa kazini, nikazighushi sahihi zote siku moja. Nyingine nilikuwa naiga, ya baba ilikuja yenyewe. Nilijua ni marehemu, ningeweza kuliruka jina lake. Nilimkumbuka tu, mama. Nikaliandika.

Jumatatu nilikwenda kwa mwendesha mashtaka, nikaeleza yote kwa jina langu halisi. Dokumento imezuiwa. Kazi sina tena. Nimeambiwa nisitoke Pemba, huenda nikafungwa. Nisamehe.
Mwanao, Rachide

Mkwajuni, 15 Septemba

Mwanangu,
Marahaba. Nimeisoma barua yako mbele ya watu wote, maana ni haki yao. Amisse amesema hatakusalimu maisha. Sikumbishia. Hata mimi hasira ninazo, tena nyingi.

Kesho napanda gari na dadako Mariamo. Tunakuja na muhogo na samaki mkavu. Wakikufunga, tutapanga chumba karibu na gereza. Wakikuachia, tutarudi sote, na Amisse utamkabili mwenyewe.

Nitakugombeza, usidhani nimesahau. Lakini kwanza nikuone unakula.
Mamako