Nilimshukuru Mungu Gari Limeisha, Sasa Nyumba Imenyamaza

Shangazi Triza,

Pole kwa kazi ya kubeba shida za watu, na leo naomba unibebee na yangu, unisome hadi mwisho kabla hujacheka, kwa maana dada yangu Carolyne nilipomwambia alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na sina mwingine wa kumwendea, na Jumamosi inakuja mbio.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wote wameshatoka nyumbani, nimebaki na mume wangu hapa Buruburu. Yeye ni karani wa stoo kule Industrial Area, mimi nashona mapazia, vitambaa navitoa Eastleigh. Nitamwita Baba Ndinda kwa sababu ndivyo ninavyomwita, na wewe ukipenda utabadilisha majina, tafadhali badilisha. Sasa huyu Baba Ndinda ana ugonjwa wa magari, na si wa kuyaendesha, ni wa kuyaunda. Ndinda, kifungua mimba wetu, alikuwa kidato cha pili baba yake alipoleta kwa lori bodi ya Morris Minor aliyoikuta shambani kwa mjomba wake Kitui, kuku walikuwa wakitagia ndani, akaiweka hapo mbele ya nyumba, pale pale ambapo majirani wote wamejenga vyumba vya kupangisha, akaniambia, "Mama Ndinda, gari hili nitalifufua."

Shangazi, lilifufuka Ndinda huyo huyo ameshaolewa na ana mtoto. Alilikata paa akalishusha, akaondoa boneti injini ikabaki wazi watu waione, akatia injini ya Toyota ambayo haikutaka kuingia akailazimisha, nyuma akaweka magurudumu manene na mbele membamba, bomba za moshi zikatokea ubavuni. Na miaka hiyo yote mimi nililalamika. Nguo zangu kwenye kamba zilipata madoa ya kutu, vumbi la grinda ya kukatia chuma liliingia hadi kwenye unga wa ugali, wateja wangu wa mapazia walipita upande upande wakishika sketi zao, na kila aliyekuwa na masikio alinisikia nikisema kwamba wenzangu wanapokea kodi, mimi napokea kutu.

Lakini mficha uchi hazai, wacha niseme na ile ambayo sijamwambia mtu. Kila jioni akitoka kazini alibadilisha shati akaingia chini ya gari, na mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi. Mwanzo nilishika kwa hasira, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kushika. Halafu nikazoea, nikajua spana zote kwa kuziangalia tu, na tukawa na namna yetu, akigonga chuma mara moja nasogeza mwanga, akigonga mara mbili nampa kitambaa afute mikono. Na akiwa kule chini, Shangazi, mume wangu huongea. Mtu ambaye mezani husema "chumvi" na "asante" peke yake, akiwa chini ya gari miguu tu ndiyo inayoonekana, aliniambia jinsi alivyoogopa walipopunguza watu kazini, aliniambia mambo ya mama yake ambayo hata siku ya mazishi hakuyasema, mara moja aliniuliza kama nilimpenda kweli au nilimhurumia tu nikakubali kuolewa, nami nilimjibu yote, kwa sababu hakuwa akiniona usoni. Viti vya gari hilo nilivishona mimi, kwa mkono wangu, mshono mara mbili ili visiachane.

Mwaka huu likaisha. Akalipaka rangi ya damu ya mzee, akaliwasha, likanguruma mpaka majirani wakatoka nje na taulo. Nilifurahi, sitadanganya. Ijumaa hiyo jioni tukakaa ndani yake tu, limezimwa, tukiangalia geti yetu kama watu walio safarini, halafu akatoa simu akanionyesha picha ya Kombi moja iliyotupwa kule Kware nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, haina vioo, nyasi zimetokea sakafuni. Akasema, "Hii tukiimaliza tutaweka kitanda ndani. Wewe utashona mapazia yake. Tukienda Kitui tukichoka njiani, tunalala humo humo." Macho yake yalikuwa yanang'aa. Mimi nilishtuka, niliona kutu, niliona vumbi, niliona miaka mingine inapita. Niliteremka nikamwambia nina ugali jikoni.

Jumapili tukaenda kanisani na hilo gari. Alikuwa amelifuta tangu alfajiri, amevaa koti lake la harusi ya Ndinda. Vijana walilizunguka hapo nje na simu zao. "Buda, hii ndinga ni moto!" "Mzee, umeunda hii mwenyewe? Kwa mkono?" Naye anacheka, anawafungulia mlango, sijamwona hivyo tangu tuoane. Tukaingia ndani. Kikafika kipindi cha ushuhuda, na sijui ni nini kilinisimamisha. Nikasema, "Bwana asifiwe," wakaitikia, nikasema ninamshukuru Mungu kwa kuniondolea chuma mlangoni, nimeomba miaka mingi na leo gari limeisha, na kwamba mume wangu ameniahidi hakuna mkweche mwingine utakaoingia geti yetu mpaka Yesu arudi. Shangazi, kanisa liliangua kicheko, akina mama wakapiga vigelegele, na mchungaji akasema, "Baba Ndinda hebu simama uthibitishe." Akasimama. Akasema, "Amina." Akakaa. Hajawahi kuniahidi kitu kama hicho.

Tangu siku hiyo anarudi kazini anakaa sebuleni anatazama habari. Ananiuliza kama ningependa tubadilishe stesheni. Ananishukuru kwa chai. Hajanikosea hata neno moja, na hilo ndilo linaloniumiza, heri angenifokea. Wiki iliyopita nilimkuta akifuta mashine ya kuchomelea, grinda na jeki, ameviweka karibu na mlango, akaniambia Kimani wa Umoja atakuja kuvichukua Jumamosi ya wiki hii, ameshakubaliana naye bei. Nikamwambia, "Sawa." Nikaingia chumbani nikalia kwenye vitambaa vya watu.

Mimi sitaki auze, Shangazi. Nataka alete hiyo Kombi. Nataka kushika tochi. Lakini nitaanzia wapi, na kanisa lote lilipiga makofi? Carolyne ananiambia, "Umeomba ukapewa, sasa unataka kumrudishia Mungu?" Nimefikiria nimpigie Kimani kwa siri nimwombe asije. Nimefikiria pia niende Kware mwenyewe nikainunue hiyo Kombi, aikute tu imefika. Niambie, nifanye lipi? Na je, nikibadilisha maneno, si nitakuwa nimemdanganya Mungu?

Jina langu tafadhali lifiche.

Mshika Tochi, Buruburu


Shangazi Triza anajibu:

Mshika Tochi, majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, hata la huyo kifungua mimba. Gari sikuweza kulibadilisha. Kuna magari mangapi Buruburu ya rangi ya damu ya mzee yasiyo na boneti? Gazeti hili likitoka Alhamisi, mtu atamwekea mumeo ukurasa huu mezani kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo ukiliona asubuhi, huna hata saa mbili za kujipanga. Mpigie simu umwambie mkutane nyumbani mapema, ayasikie kwako kabla ya kuyasoma kwangu.

Kwanza pole, mama. Pole ya kweli. Wanaume wengi wakiwa na kazi ya mikono nyumbani huona kazi tu, hawaoni kamba ya nguo. Ulikuwa na haki ya kulalamika, na hiyo haki hakuna anayekunyang'anya hapa. Unga wenye vumbi la chuma hauliki, hata kama aliyeutia ni mume mwema. Na kushika tochi miaka yote hiyo ukiwa na kazi yako ya kushona si jambo dogo. Gari hilo ni lenu wawili, na nadhani yeye analijua hilo kuliko wewe.

Sasa nikugombeze kidogo, usikasirike. Mwenzako alikuuliza swali ndani ya gari, wewe ukaenda kumjibu kanisani. Ungemwambia pale pale, "Baba Ndinda, nimechoka, nipe muda," angekusikia. Ukaogopa, ukakimbilia ugali, halafu ule woga ukautolea ushuhuda. Wahenga walituambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umejikwaa mbele ya kwaya na mchungaji, siku ambayo mtu huyu alikuwa amevaa koti lake zuri.

Lakini kuna jambo ambalo naona hujaliona, na ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Umeandika kwamba hakuwahi kukuahidi. Alipoambiwa asimame, angeweza kusema hivyo. Angesema, "Mchungaji, hilo mimi silijui," na wewe ungeitwa mwongo mbele ya akina mama wenzako. Alisimama akasema amina. Alikulinda, mama. Na hizo mashine zilizopangwa mlangoni, wewe unafikiri ni hasira au kisasi. Mimi nadhani anauza ili ushuhuda wako uwe wa kweli. Anatimiza ahadi uliyomwekea wewe mdomoni, kimya kimya, asikuaibishe. Soma tena hapo, halafu uniambie kama huyo ni mtu aliyekunyamazia kwa chuki.

Kimani usimpigie. Mambo ya nyumba yako hayaanzi kuzungumzwa na mnunuzi wa Umoja. Mumeo akishabadilisha nia, atampigia mwenyewe, na Kimani akinuna atanuna, mashine za kuchomelea hazijaisha Nairobi. Na hiyo Kombi usiende kuinunua kwa siri. Ulishamsemea mara moja, ukimnunulia bila kumuuliza utakuwa umemsemea mara ya pili, tena kwa chuma kizito zaidi. Isitoshe hujui kama sakafu yake inafaa. Yeye anajua.

Carolyne mwache acheke, kisha umpe kazi ya kushona mito ya hiyo Kombi.

Kuhusu Mungu, tulia. Ulimshukuru kwa gari kuisha, na liliisha kweli, shukrani hiyo inabaki. Ile ahadi ya mumeo ndiyo haikuwa kweli, na kitu kisicho kweli hurekebishwa pale kilipotamkwa. Mkishaelewana nyumbani, na si kabla, utasimama kipindi kile kile useme, "Bwana asifiwe, siku ile nilimsemea mume wangu neno ambalo hakulisema, naomba msamaha wake na wenu." Ukae. Watacheka, wamezoea kucheka, na wengine watakwenda nyumbani wakiwaza wanaume wao wenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo, lakini maneno si maji. Yanazoleka, ila lazima uiname.

Basi fanya hivi. Akirudi, usimngoje mezani, kwa sababu mezani kwenu ni mahali pa chumvi na asante. Chukua jeki pale mlangoni, mashine iache itakuvunja mgongo, na hiyo jeki uirudishe ilipokuwa inakaa miaka yote, akiwa anaona. Atakuuliza unafanya nini. Mwambie kwamba ulisema uongo kanisani, kwamba unajua alichokufanyia aliposema amina, na kwamba hutaki mashine ziuzwe. Mwambie unataka Kombi. Usimwambie "ukitaka ilete," maana huko ni kumtupia mzigo tena. Sema unaitaka wewe.

Hapo hapo utaje na masharti yako, na usione haya. Kamba yako ya nguo ihamishwe mbali na kazi, grinda inyamaze siku za wateja wako, unga ukae ndani kwenye ndoo yenye kifuniko. Usipoyasema sasa kwa upole, utayasema siku nyingine mbele ya mchungaji.

Ukishamaliza, nyamaza. Hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote. Atakawia. Labda atajifanya anatafuta rimoti, labda atatoka nje aliangalie gari ambalo halina shida yoyote. Usimfuate na maelezo, usiseme "basi tu, tuyaache." Amekubebea aibu yako wiki hizi zote bila kukurushia hata kidogo. Mpe muda wake, simama hapo hapo mlangoni, umngojee aanze yeye kuongea.