Ndoo ya Jumamosi

Baba,

Leo ni Jumamosi na sijawasha gari. Nimekaa ndani yake, kwenye ile meza ndogo ya kukunja. Kitanda chako kiko nyuma yangu, sijakitandua. Upepo wa Julai unalitikisa gari, na kila likitikisika nageuka, maana hivyo ndivyo lilivyokuwa likitikisika ulipokanyaga ngazi kupanda.

Wodini uliniambia, "Felista, kila Jumamosi uliwashe, betri isife. Subiri taa ya njano izime kwanza. Maji uongeze. Mama yako usimwambie." Nikaitikia. Ningejua kwamba hayo ndiyo maneno ya mwisho utakayoniambia, ningekuuliza kitu kingine.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi niliwasha. Mama akatoka jikoni ameshika kikombe chako cha bluu, chai inafuka moshi. Alifika nusu ya uwanja akasimama. Kioo cha mbele kilikuwa kinameta kwa jua, aliyekaa kwenye kiti chako cha dereva angeweza kudhaniwa kuwa yeyote. Nilikuwa mimi, nimekaa ukingoni, kwa sababu kiti sijakisogeza na miguu yangu haifiki vizuri kwenye pedeli. Mama aliinywa ile chai mwenyewe, palepale, amesimama. Tangu siku hiyo hakutoka tena nikiwasha. Ila nikizima, nasikia mlango wa jikoni unafungwa taratibu, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma yake anasikiliza.

Nakumbuka ulivyolileta gari hili lenye kitanda na jiko. Wale wazee wa Kizungu walifika nalo kutoka Zambia wakachoka na barabara, wakakuuzia. Ulisema umelala chini ya lori miaka yote ukipeleka mizigo Kasanga, sasa unataka kulala ndani ya gari kama binadamu. Vijana wa gereji wakakupa jina. "Shikamoo, Mzee Konokono. Leo umehamia wapi?" Nawe unawajibu, "Marahaba. Niko hapahapa, mwenye nyumba hajanipandishia kodi."

Lakini kodi ilikuwepo, Baba, na mimi ndiye niliyeiandika. Gari la kawaida linadai tairi, oili na bima. Hili lilidai hivyo vyote, tena likadai na paa, na pampu ya maji, na betri ya pili ya taa za ndani, na kitasa cha mlango ambacho hakuna duka lililokuwa nacho. Tairi tuliagiza Mbeya. Chujio la dizeli lililokuja halikuingia. Ulikuwa na gari bovu na nyumba inayovuja, na vyote viwili viliugua siku moja. Nilijaza daftari zima, nikalificha chini ya godoro hili, kwa sababu Mama tulimwambia tairi tumepewa na rafiki yako.

Safari ilikuwa moja tu. Ulimwahidi Mama atalala Kasanga, ufunguo wa mlango mkononi mwake, ziwa dirishani. Hatukufika hata Matai, rejeta ikachemka. Mama akawasha lile jiko dogo kando ya barabara, akapika ugali wa ulezi. "Basi nimesafiri," akasema. "Nimetoka jikoni nimefika jikoni." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Siku ile ndipo fundi alipokuambia silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ina ufa, inakunywa maji. Ukasema tutaitengeneza tukishavuna. Tumevuna mara mbili.

Wiki iliyopita Baba Mdogo alileta mnunuzi kutoka Muze, Mzee Masanja, anayetafuta injini ya mashine ya kusaga. "Hii haijawahi kuguswa," Baba Mdogo akamwambia. "Kaka aliitunza kama yai." Mzee Masanja akamgeukia Mama. Mama akasema, "Anayeijua ni Felista."

Unajua mimi, Baba. Darasani naogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilitazama kile kiti chako. Nilikuona, au nilitaka kukuona, unatikisa kichwa nisiseme. Nikasema.

"Inakunywa maji. Karibu nusu ndoo kila Jumamosi. Hedi ina ufa."

"Mtoto huyu," Baba Mdogo akasema. "Nani kakuuliza?"

"Nimemuuliza mimi," akasema Mzee Masanja. "Sasa punguza bei, tuongee."

Mimi nilikuwa namtazama Mama. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, mikono ambayo haikuwa na maji.

"Maji hayo nachota mimi," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Jumamosi nachota ndoo ya ziada naiacha pale kwenye tairi, najua inakwenda wapi. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu, wewe au baba yako, aniambie. Mwenzako akaondoka bila kuniambia."

Sikujua ni nani aliyekuwa akiiweka ile ndoo, Baba? Nilijua. Nilidhani tu kwamba hajui maji yanakwenda wapi.

Injini waliiondoa Alhamisi. Bei ilishuka, na Baba Mdogo hanisemeshi. Gari limebaki hapa uwanjani, tairi zimezuiwa kwa mawe. Leo asubuhi ndoo ilikuwa kwenye tairi kama kawaida, imejaa mpaka juu. Mama aliiweka, akakumbuka kwamba injini haipo, akasimama pale muda mrefu. Bado iko pale. Hakuna aliyeiondoa.

Subiri. Gari limetikisika.

Nimegeuka, Baba, kama ninavyogeuka kila mara. Alikuwa Mama, na vikombe viwili, kimoja cha bluu. Amekaa kitandani kwako kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Nikatoa daftari chini ya godoro nikampa. Analisoma sasa hivi huku naandika. Kwenye ukurasa wa tairi amecheka kidogo. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Kwani Kasanga ni mbali kiasi gani?"

Nakuahidi nitampeleka likizo hii, hata kwa basi. Nitamwambia na nauli ni kiasi gani.

Lala, Baba. Betri imekufa. Kiti nimekiacha pale ulipokiacha wewe.

Felista wako